Kidole cha Bi Zulekha na Faili la Rangi Moja

Haupiti mwezi bila kijana kunipigia simu. "Shikamoo mama. Eti kwa mashindano ya nembo nitumie programu gani?" Naitikia marahaba, kisha namuuliza masharti ya shindano yanasemaje. Nembo ameshaichora, ameshaiweka status, shangazi zake wote wameshampongeza kwa alama za moto, lakini masharti hajayafungua. Mimi nimestaafu, nina kuku hapa Kibamba wanaonihitaji zaidi, na kurudia jambo lilelile kila mara kunanipandisha presha. Kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuwauliza shangazi zake.

Naitwa Mama Eliza, mzaliwa wa Upareni, mchoraji wa nembo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikwenda Tandika, Temeke, kwenye duka la uchapaji la Mzee Abeid. Tulichapa kadi za harusi, mabango, fulana za timu, vitabu vya risiti, na tulitengeneza mihuri. Katikati ya hayo tuliingia kwenye mashindano ya nembo kila yalipotangazwa: ya shule, ya zahanati, ya vikundi vya kina mama. Tulishinda mara chache na kushindwa mara nyingi. Kama kuna kitu nakijua vizuri, ni namna nembo nzuri inavyokufa kwa sababu ya faili baya.

Nianze na Word, maana wengi wenu ndiko mnakoanzia. Word ni programu ya barua. Ukiomba ruhusa ya kwenda msibani, tumia Word. Kuna kwaya moja ya huku kwetu, jina silitaji kwa sababu bado naimba humo, ambayo nembo yake ilitengenezwa na mwenyekiti mwenyewe kwa Word: msalaba, njiwa, kitabu cha nyimbo, na jina la kwaya chini yake. Jina lilikuwa la Kipare, kompyuta haikulifahamu, ikalipigia mstari mwekundu wa mawimbi kama kawaida yake. Mwenyekiti akakipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, akaipeleka kwa wachapaji wengine, siyo sisi. Wachapaji wakachapa walicholetewa. Fulana zikarudi na mawimbi mekundu chini ya jina la kwaya, kifuani na mgongoni. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu mwenyekiti ni mkali. Pasaka iliyofuata kwaya ya jirani ikatokea na nembo mpya, na chini ya jina lao wameweka mawimbi ya bluu. Mwenyekiti wetu akalalamika kikaoni kwamba wametuiga.

Mwingine alikuwa mkandarasi wa Mbweni. Alituletea nembo ya kampuni yake, nayo ya Word, tuitie kwenye bango. Nilipoifungua kwenye mashine yetu, nyumba ilikuwa ukurasa wa kwanza na paa ukurasa wa pili. Nikampigia simu kumweleza. Akaniambia kwake inaonekana vizuri kabisa. Nikamwambia basi wateja wake wote itabidi waende kwake.

Sasa programu zenyewe. Nembo ichorwe kwenye programu ya vekta. Picha ya kawaida ya simu ni vitone vya rangi vilivyopangwa kama shanga juu ya mkeka. Ukiikuza unaona shanga, mchoro huuoni tena. Vekta ni maelekezo: anzia hapa, pinda hapa, ishia pale. Maelekezo hayachuji hata ukiyakuza yakafika ukubwa wa ukuta. CorelDRAW utaikuta karibu kila duka la uchapaji mjini, kwa hiyo ukiijua hutapata shida ya kufunguliwa faili lako. Illustrator inalipiwa na ni nzuri. Inkscape ni ya bure, inafanya kazi ileile, na msimamizi wa shindano hatajua kama ulilipa au hukulipa. Photoshop ni kwa ajili ya picha za bibi harusi. Programu za simu sizikatai, ila angalia mambo mawili: kama inakubali kutoa faili la vekta, yaani SVG au PDF, na kama lile ua ulilolichukua humo ndani halijachukuliwa na watu wengine. Niliwahi kukaa kwenye kamati moja ya uteuzi, tukapokea twiga yuleyule kutoka kwa washiriki wasiofahamiana. Twiga alikuwa mzuri. Tuliwatoa wote.

Na fomati ni hivi. Wakati wa kushindana, majaji hutazama tu, kwa hiyo unawapa PNG au PDF ya kuangalia. Faili la kazi, lile la vekta, unalitoa pale masharti yanapolitaka, na kwa kawaida ni ukishachaguliwa. Ukilitoa mapema kwa kila mtu utaikuta nembo yako mlangoni pa saluni ya mtu usiyemjua. JPG haijui kuwa wazi. Itakuwekea boksi jeupe nyuma ya nembo. Timu moja ya Temeke ilivaa jezi za kijani zenye boksi jeupe kifuani msimu mzima. Wapinzani walidhani ni mahali pa kuandika jina la mdhamini, wakawa wanawaonea huruma kwamba hajapatikana.

Na tafadhali, msiitume kwa WhatsApp kama picha. Ile inabanwa ili ipite haraka. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Mtu akikwambia "hii ndiyo orijino yenyewe, imefowadiwa kutoka kwenye grupu la kamati", mpe pole.

Mzee Abeid mwenyewe hakuwa mtu wa kompyuta. Wazee wake walikuwa Waarabu wenye maduka ya vitambaa tangu zamani, yeye akakataa kupima vitambaa, akashika brashi. Alichora vibao vya mabucha na vinyozi kabla hajafungua duka la uchapaji, na hata tulipojaza mashine alibaki na brashi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilipoanza kazi kwake nilikuwa nachora nembo zenye rangi zinazofifia taratibu, kivuli chini, mng'aro juu. Alikuwa anasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

"Mashallah, inapendeza," alikuwa anasema. "Sasa nambie, muhuri wake ukoje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila nembo. Hapa kwetu barua isiyo na muhuri ni maoni tu. Cheti bila muhuri ni picha ya ukutani. Kwa hiyo nembo ya taasisi yoyote, hata ikianzia kwenye kioo cha kompyuta ikiwa na rangi zote za duniani, iko siku itapelekwa kwa fundi mihuri, ikatwe kwenye mpira, igongwe kwa wino wa rangi moja kwenye karatasi ya bei rahisi na mtu mwenye haraka. Mzee Abeid alinifundisha kuanzia huko mwisho. Chora kwa nyeusi kwanza. Punguza mpaka ilingane na kizibo cha soda. Chapa. Itoe fotokopi, kisha fotokopi yenyewe uitoe fotokopi. Kama bado inatambulika, ndipo utie rangi. Nimewafundisha wengi hilo na wengi wameliona la kizee.

Mkewe alikuwa Bi Zulekha, mwalimu wa darasa la kwanza huko Kigamboni, kwenye shule ndogo ya msingi iliyoanzishwa na wakazi wenyewe. Kila asubuhi alivuka kwa pantoni pale Magogoni akiwa na mkoba wa daftari na chupa ya chai. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na aliyeigonga ni yeye, maana alikuwa wa kwanza kufika. Siku moja, angali mwalimu mgeni, nondo ya kugongea kengele ilimteleza ikamponda kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Hakwenda hospitali, alikwenda darasani. Kidole kikapona kimepinda na kikabaki hivyo. Sasa watoto wa darasa la kwanza humwiga mwalimu kwa kila kitu, nao wakaamini kwamba ukinyoosha mkono kujibu swali, kidole cha mwisho lazima kikunjwe. Walimu wa darasa la pili walikuwa wanapata kazi ya kuwanyoosha, na wengine hawakunyooka.

Bi Zulekha alifariki kabla hajafikia kustaafu. Mzee Abeid alirudi dukani baada ya arobaini, akakaa kwenye kiti chake, na akaacha kuuliza habari za muhuri. Nikimwonyesha nembo anasema ni nzuri. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali yake ni mbaya.

Kisha shule ile ikatangaza shindano la nembo. Tangazo lilibandikwa hata kwenye kivuko. Siku iliyofuata Mzee Abeid alifika kabla yangu, na mezani kwangu palikuwa na karatasi aliyoichora kwa brashi: mkono umeshika nondo, mbele yake ringi ya gari na mnyororo. Hakuna kitabu, hakuna mwenge, hakuna jua linalochomoza. Kidole cha mwisho kimepinda.

"Mama Eliza," akasema, "hili nataka tushinde."

Alikuwa hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Siku zote alikuwa anasema tushiriki.

"Zulekha hana mtoto," akaendelea. "Mie naondoka, leo au kesho. Nataka mtoto akiingia pale shuleni auone mkono wake. Basi. Sitaki jingine."

Nikamwambia tutaifanya. Nikawasha skana.

Basi sikilizeni kazi ilivyokwenda, maana hapa ndipo mnapokosea wengi. Mchoro wa mkono ukishaskaniwa, programu itakupa amri ya kuugeuza kuwa vekta kwa kubonyeza mara moja. Inavutia sana. Nilibonyeza nione, ikanipa mkono wenye manundu, kila unywele wa brashi umekuwa kona yake, na nukta za kuhariri zimejaa kama mchwa. Fundi wa kudarizi sweta akipewa faili la namna hiyo, mashine yake inasimama na yeye anakupigia simu kukutukana. Kwa hiyo nikafuta, nikauweka mchoro chini kama kivuli, nikaufuata kwa kalamu ya programu, mstari kwa mstari, kwa nukta chache kadiri nilivyoweza. Mwishoni nikatumia amri ya kulainisha mistari. Kila mtu huitumia. Mistari ikawa laini, mkono ukapendeza, nikamwita mzee aje aone.

Alikuja na kahawa yake. Akatazama kioo.

"Huyu nani?"

"Ni Bi Zulekha, mzee."

"Siye."

Nikatazama vizuri. Amri ya kulainisha ilikuwa imekutana na kidole kilichopinda, ikakichukulia kuwa ni kosa, ikakinyoosha. Programu haina ubaya, imefundishwa kwamba mstari mzuri ni ule unaokwenda bila kusita. Nikarudisha nyuma. Kidole kikapinda. Mzee Abeid akavuta kiti, akakaa, akamaliza kahawa yake akiwa anakitazama kioo.

Alipoweka kikombe chini akaniuliza, "Muhuri wake ukoje?"

Mungu anajua nilivyolifurahia swali lile.

Muhuri ulikuwa tatizo. Kwa ukubwa wa kizibo cha soda, mnyororo ulikuwa uchafu, ringi ilikuwa doa, na kidole cha mwisho kilikuwa hakionekani kabisa. Na hili mlishike: faili la muhuri siyo nembo kubwa iliyopunguzwa. Ni mchoro mwingine, ndugu yake. Unanenepesha mistari, unaacha nafasi nyeupe pana zaidi ili wino usizibe, na unatoa vitu. Tukaanza kutoa.

"Toa mnyororo," akasema mzee.

Nikatoa.

"Toa na hiyo nondo, iache fupi."

Nikaifupisha. Kidole bado kilikuwa kinamezwa. Nikamwambia, "Mzee, kidole hiki kikiwa kidogo hivi kitaonekana kama kosa la mchapaji. Tukinyooshe kwenye muhuri tu. Kwenye nembo kubwa kitabaki."

"Toa ringi."

"Tukitoa ringi utabaki mkono tu."

"Si ndio mkono wenyewe?"

Hatukuitoa ringi yote. Niliibakiza nusu duara nyuma ya mkono, nene, na nikakisogeza kidole cha mwisho mbali kidogo na wenzake ili kiwe na nafasi yake nyeupe. Tukachapa, tukatoa fotokopi, tukaitoa fotokopi ile fotokopi. Kilionekana. Mzee Abeid aliichukua karatasi ile akaitia mfukoni mwa kanzu.

Kitu cha mwisho kabla ya kutuma: fungua faili lako kwenye mashine isiyo yako. Sie tulikuwa tunakwenda steshonari ya jirani, tunamwomba dada wa pale atufungulie. Siku ile jina la shule lilitokea kwa herufi za kujikunja kama za kadi ya kitchen party, kwa sababu kompyuta yake haikuwa na fonti tuliyotumia, ikaweka iliyopenda yenyewe. Dawa yake ni kuyageuza maandishi yawe michoro kabla ya kutuma, halafu unabaki na nakala nyingine ambayo maandishi yake bado yanaharirika, maana lazima mtu atakuja kukwambia jina la shule limebadilishwa. Dada wa steshonari alisema zile za kujikunja zilipendeza zaidi. Tukamshukuru.

Masharti yalitaka kila mshiriki alete kila kitu kwenye flashi. Tukaweka PDF ya kutazama, SVG na EPS kwa ajili ya kazi, PNG yenye nyuma wazi, na folda nimeiandika MUHURI, ndani yake faili la rangi moja. Majina ya mafaili niliyaandika yakaeleweka. Msinitumie tena faili linaloitwa "logo mpya final final ya kweli", nawaomba kwa jina la Yesu.

Siku ya uteuzi tulikwenda wote wawili. Kamati ilikuwa imewaalika wazazi, na nembo zikaoneshwa ukutani kwa projekta darasani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Hosea, mtu wa Kagera mwenye suti hata kwenye joto, alisema kila mzazi atapiga kura kwa kunyoosha mkono. Zilifika fainali mbili. Yetu, na ya kijana mmoja wa Tuangoma aliyoichora kwa simu: kitabu cha dhahabu, kalamu inayong'aa, dunia inayozunguka ndani ya mwenge, na jua nyuma yake. Projekta iliipenda. Ukuta mzima uling'aa, na watu wakasema "aaah". Yetu ilipooneshwa, mzazi mmoja wa mbele akauliza kama huo ni mkono wa fundi wa magari.

Nilitaka kusimama nimweleze. Mzee Abeid akanishika kiwiko.

"Acha. Nembo ya kuelezewa sio nembo."

Ikaitishwa kura ya ile ya dhahabu. Mikono ikapanda, mingi. Nilikuwa nahesabu kwa hasira, safu kwa safu, na ndipo nikaona. Kulikuwa na mama mmoja katikati, na baba mmoja karibu na dirisha, na wengine wawili watatu kule nyuma, watu wazima wenye watoto wao. Walikuwa wamesoma shule hiyohiyo. Walinyoosha mikono juu kuikataa nembo yetu, na kila mmoja kidole chake cha mwisho kilikuwa kimekunjwa.

Mzee Abeid alikuwa ameshaviona. Alivitazama mpaka vikashuka.

Tulirudi kwa pantoni. Mimi nilikuwa nimeumia kuliko siku yoyote ya kushindwa, kwa sababu safari hii haikuwa nembo tu. Tulipokaribia kushuka Magogoni akauliza, "Umeviona vidole?"

"Nimeviona."

"Hawajui wamevipata wapi," akasema. Akatazama maji. "Ndio hivyo watu wanavyokufa, Mama Eliza. Sio siku ya maziko."

Baada ya hapo aliacha kuja dukani kila siku. Geti la shule likapakwa ile nembo ya dhahabu, na sina la kusema juu yake, lilipendeza. Fundi aliichora upya kwa rangi akikadiria, na dunia ikatoka na mabara ambayo mwenyewe aliyaona yanafaa.

Kisha ikafika wakati wa vyeti vya darasa la saba. Mwalimu Hosea akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Mama, kuna ishu ndogo. Tumepeleka ile nembo kwa fundi mihuri." Akasita. "Imetoka kama andazi lililoungua."

Nilimuuliza kama wamemwomba yule kijana faili la kazi. Wamemwomba. Kijana alikuwa na picha tu, ile iliyofowadiwa kwenye grupu, na hata kwenye flashi aliweka hiyohiyo bila kamati kukagua. Mchoro wenyewe ulikuwa ndani ya simu, na simu ilimdondokea majini akipanda pantoni. Sikumcheka. Alichora vizuri, ila kazi yake yote aliiweka mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa mfuko wa shati. Nyie wekeni nakala, hata kwa mtu mnayegombana naye.

"Sasa kamati imekaa," Mwalimu Hosea akaendelea. "Tukakumbuka kwenye flashi yenu mlikuwa na folda ya muhuri. Fundi amejaribu, amesema hilo halina shida hata kidogo. Kamati inapendekeza nembo ya getini ibaki ilivyo, ila muhuri wa shule uwe ule mkono. Lakini hatuwezi kutumia kazi ya mtu bila ruhusa yake. Mzee atakubali?"

Nilimwambia nitamuuliza. Nikakata simu, nikalifungua lile faili kwenye mashine, nikalia. Siwafichi. Nililia dukani mchana kweupe, mteja wa kadi za harusi akaniuliza kama bwana harusi ni mtu wangu.

Mzee Abeid nilimkuta nyumbani kwake, barazani. Nikamweleza yote, muhuri, vyeti, kamati. Akasikiliza.

"Kidole kimo?" akauliza.

"Kimo."

Tulikwenda naye muhuri ulipokuwa tayari. Mwalimu Hosea alikuwa ameshaandaa vyeti mezani, kila kimoja na jina la mtoto, na pedi ya wino mpya wa bluu. Alimpa mzee heshima ya kugonga cha kwanza. Mzee Abeid akaugonga taratibu, akauinua, akainama kukiangalia cheti kwa karibu, maana macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Ringi nusu, nondo fupi, mkono, na kile kidole kikiwa peke yake kwenye nafasi yake nyeupe. Kisha akafanya jambo ambalo Mwalimu Hosea hakulitarajia. Akageuza kiganja chake cha kushoto juu, akajigonga muhuri.

Adhana ya alasiri ikasikika. Mzee Abeid akaomba radhi, akaenda kwenye bomba la shule kutawadha. Mimi nilibaki kwenye kibaraza nikimtazama anavyonawa, viganja kwanza, bila haraka, kama anavyonawa siku zote. Alipomaliza alinijia mkono ukiwa wazi mbele yake ili nione. Maji yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, wino ulikuwa palepale, na kidole kilikuwa kimepinda.